Muulize Rubani: Bibi, gunia la machungwa na safari ya Mwanza

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni kijana wa Chumbageni hapa Tanga, nina leseni ya urubani binafsi na saa 74 tu, karibu zote nimerukia pwani, Tanga, Pangani, Unguja basi. Ami yangu ana hisa kwenye Cessna 172 ya mwaka 1978. Mwisho wa mwezi wa nne tuna harusi Mwanza, bibi anaozesha mjukuu, sasa ami anasema tuachane na basi twende kwa ndege, mimi, yeye, bibi na dada angu. Na bibi ashasema haendi ukweni mikono mitupu, anabeba gunia la machungwa ya Muheza. Ndege ikiwa tupu ni kilo 690 kwenye karatasi zake, mwisho wa uzito kilo 1,043. Nimechora mstari kwenye tableti, Tanga, Arusha, Mwanza, naona safari nyepesi tu. Unanishauri nini? (S., Chumbageni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya harusi. Kabla ya huo mstari wa kwenye tableti nenda kwanza kwenye mzani, mzani wa kweli, ule wa dukani wanaopimia mchele na mbaazi, na upime watu wakiwa na viatu na pochi zao, manake kila mtu akiulizwa kilo zake anataja za mwaka juzi.

Tuseme wewe 78, ami 92, bibi 61, dada 70, hapo tayari ni kilo 301. Toa 690 kwenye 1,043 unabaki na 353. Ukishapakia watu umebakiwa na kilo 52 za kila kitu kingine, mafuta yakiwemo, na lita moja ya avgas, petroli ya ndege ndogo, ina uzito wa kama kilo 0.72, kwa hiyo hizo 52 zote zikiwa mafuta ni lita 72 hivi. Injini hiyo inakunywa kama lita 32 kwa saa, ukiweka pembeni nusu saa ya akiba ambayo haiguswi, na ya kuwasha na kutembea chini, umebaki na saa moja na dakika 40, ambayo kwa mwendo wa maili za baharini 105 kwa saa inakupeleka maili 175. Tanga mpaka Arusha ni kama 180. Yani hufiki hata kituo cha kwanza, na hapo hamna begi hata moja wala chungwa.

Najua kitakachotokea, ami atasema jaza matenki tu, mbona itaruka. Na itaruka kweli! Hapo ndo penye hatari yenyewe na ndo sababu nimekaa kukuandikia kwa urefu. Tanga uwanja uko futi 129 tu juu ya bahari, hewa nzito, injini inapata pumzi yote, ndege iliyozidi kilo mia hapa itanyanyuka kwa kujivuta kidogo na wewe utadhani hesabu za kitabu zimeandikwa na waoga. Arusha uwanja uko futi 4,550. Hewa ya kawaida ya urefu huo ingekuwa nyuzi 6 lakini mchana unaikuta 28, zimezidi 22, kila nyuzi moja ya ziada ongeza futi 120, jumla ndege yako itajiona iko futi 7,000 na ushee wakati magurudumu bado yamekanyaga lami. Zile nguvu farasi 160 za injini, kama moja ya tano haipo tena.

Mimi nikiwa na saa kama zako niliruka Arusha saa 8 mchana, tuko watatu na mizigo, nimezoea pwani. Gurudumu likaachia ardhi vizuri tu, kumbe ule ukaribu wa bawa na ardhi ndo unalirahisishia kubeba, tulivyopanda kidogo msaada huo ukaisha, mshale wa kupanda ukalala kwenye sifuri, mbele miti, na honi ya kuonya kwamba spidi imepungua mno ikaanza kulia nyembamba, inakata inalia. Nikashusha pua kidogo kidogo huku naogopa hata kupumua mpaka spidi ikarudi. Hamna aliyeumia. Makosa yalikuwa yangu na nilikuwa nimeyafanya asubuhi kwenye karatasi, kabla sijawasha injini.

Sasa ushauri. Bibi aende kwa ndege, hilo silipingi, tena itakuwa furaha kubwa kwake kuiona nchi kutoka juu. Ila watu wawe watatu, wewe, bibi, na rubani mzoefu wa bara akae kiti cha pembeni yako. Yeye akiwa kilo 80 jumla yenu ni 219, mafuta ya kutumika lita 151 ni kilo 109, mnabakiwa na kilo 25 za mabegi. Ami na dada wapande basi na gunia wakae nalo. Ami ataumia, ana hisa kwenye ndege, kwa hiyo mwambie leo na usingoje siku ya safari, muwekee karatasi ya hesabu mezani aisome mwenyewe.

Ruti mimi ningepita Dodoma. Ni mbali zaidi, kama maili 490 za baharini badala ya 410, lakini kwa Arusha mbele yako kuna nyanda za Ngorongoro, ukingo wa kreta peke yake uko kama futi 7,500 na mawingu yanapenda kuukalia, na ndege yako haina nguvu ya kubishana na mlima. Kwa Dodoma mstari unapita Handeni, unavuka milima ya Nguu, unaiacha Kongwa kushoto. Unaelekea magharibi kwa hiyo urefu wako ni elfu shufwa na mia tano, 8,500 inatosha. Dodoma kwenda Mwanza Singida iko mstarini kabisa, na yale maziwa yake mawili, Singidani na Kindai, utayaona toka mbali, usipoyaona kwa wakati uliopanga ujue umepotea mapema na bado una mafuta ya kurekebisha.

Mafuta hayo piga simu siku tatu kabla, na upige tena jana yake. Ndege za abiria aina ya Karavani unazoziona zikitua Tanga zinatumia Jet A-1, mafuta jamii ya mafuta ya taa, wewe unataka avgas, usifike Dodoma ukaambiwa ipo kumbe ni ile nyingine. Na ukishajaza, kinga kwenye kikombe uinue juu kwenye mwanga, avgas ni ya buluu na maji yanakaa chini kama shanga. Ila kikombe kikiwa cheupe chote bila mstari wowote usifurahi, huenda umekinga maji matupu. Asubuhi za Tanga na umande wake nimeshaona hivo.

Dodoma nako ni futi 3,673, usije ukaondoka kama unavoondoka Tanga. Kile kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa ambacho hapa unakisukuma mpaka mwisho unakisahau, kule lazima ukirudishe kidogo kabla ya kuruka, fuata kitabu cha ndege yako, la sivyo injini inazidiwa mafuta kwenye hewa nyembamba. Na wakati wa kutua ardhi itaonekana inakimbia kuliko ulivozoea, usiipunguze ndege kwa macho, amini saa ya spidi.

Muda: ruka Tanga saa 1 asubuhi, Dodoma saa 3, toka saa 4, Mwanza kabla ya saa 7 mchana. Kwenye mpango wa safari unaopeleka kwa waongozaji andika UTC, saa ya dunia nzima, saa 1 yetu ni 0400, nimeona vijana wanachanganya saa tatu tofauti kichwani wanaishia kuandika 0100.

La mwisho ndo zito. Mwezi wa nne ni masika. Wewe ni wa kuruka kwa kuona, huna ruhusa ya kuingia mawinguni, kwa hiyo kateni tiketi ya bibi ya basi na yeye, ya siku mbili kabla ya harusi, na ndege ipangwe siku tatu kabla. Asubuhi hiyo wingu likiwa limelala au utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, una radi njiani, bibi anapanda basi kesho yake na hamna wa kulaumiwa. Rubani mwenye saa 74 akijua ukumbi mzima unamsubiri bibi, ataliona tundu kwenye wingu ambalo halipo.

SWALI: Assalaam aleykum. Mume wangu anarusha ndege ndogo, anasema atatua saa 4, mpaka saa 6 hapatikani kwenye simu. Nifanye nini siku kama hizo? (Mama wa Raskazone)

JIBU: Waaleykum salaam mama. Mwambie kila safari akuachie karatasi: namba ya ndege inayoanza na 5H, ruti, saa ya kutua, watu wangapi, saa za mafuta, na simu ya waongozaji wa anga. Kama kapeleka mpango wa safari, akichelewa nusu saa waongozaji wanaanza kuulizia wenyewe, kwa hiyo na wewe usingoje saa 6, piga saa 4 na nusu uwasomee karatasi. Yeye akitua aufunge huo mpango kwanza ndo achukue chai, asije akatafutwa bure. Na muulize leo kama kile kifaa cha dharura kwenye ndege kinatuma ishara kwenye megahezi 406, kwa sababu vile vya zamani vya 121.5 satelaiti ziliacha kuvisikiliza tangu Februari 2009.