Maswali Yenu ya Ngozi: Vaselini, Magadi na Zebaki

Najipaka vaselini kila asubuhi, lakini kabla ya saa sita miguu imeshapauka. Nibadilishe chapa? (Kondele, Kisumu)

Usibadilishe chapa, badilisha saa ya kujipaka. Swali hili naletewa kila wiki. Vaselini haina maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia yale yaliyo ngozini yasitoroke. Ukioga, ukavaa, ukanywa chai ndipo ukumbuke kujipaka, maji yameshakwenda. Jipanguse taratibu, kisha upake ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kama una magaga visiginoni, ongeza krimu ya yurea, inayolainisha ngozi ngumu, usiku na ulale na soksi.

Maji ya Ziwa Bogoria yanaponya ukurutu? (Nakuru)

Hayaponyi. Ni maji ya magadi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi; 7 ni katikati, juu yake ni magadi) hufika 10, na ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Magadi huondoa mafuta ya asili, na mwenye ukurutu tayari ngozi yake imepungukiwa kinga. Tafadhali usiyabebe kwenye mtungi kwenda kumwogeshea mtoto. Na chemchemi zenyewe zinatokota, mwepushe nazo.

Losheni ya kalamini inafaa kwa harara? (Bungoma)

Ndiyo. Kwa ngozi kavu iliyopasuka, hapana; inakausha.

Mtoto ameunguzwa na uji, tumempaka dawa ya meno. Tuongeze nini? (Kakamega)

Msiongeze chochote! Nimeandika haya mara ngapi? Aliyeungua hutiliwa maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, papo hapo. Si dawa ya meno, si unga, si vaselini. Mpelekeni hospitali leo.

Krimu ya kopo lisilo na kibandiko ilinitakatisha uso kwa wiki mbili. Sasa unawasha. Nipake krimu ya zinki? (Migori)

Zinki itatuliza kidogo tu. Krimu inayotakatisha upesi hivyo hushukiwa kuwa na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho). Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo, na mvuke wake humfikia hata mtoto unayelala naye. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulilenga vipodozi vyenye zebaki. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kilichomo hastahili shilingi yako, hata akiwa jirani.

Iache leo. Kama ilikuwa na steroidi, uso unaweza kuwaka zaidi siku za kwanza. Usiirudie kwa sababu hiyo. Nenda kliniki na kopo lenyewe, uombe mkojo upimwe zebaki, na umwambie daktari umeitumia kwa muda gani.