Kukwangua lami ya uani: maswali yenu kuhusu gharama

Tangu mvua zikatike, wenye maghala, vituo vya mafuta na nyumba za wageni wameniuliza sana kuhusu kukwangua lami, yaani kuondoa kwa mashine tabaka la juu la lami ya zamani kabla ya kuweka mpya. Karibu wote wanataka kujua mita moja ya mraba ni shilingi ngapi. Bei ya mita ni ya kuuliza mwisho. Kwanza ujue mashine inatoka wapi, inakwangua kina gani, na chini ya lami yako kuna nini.

Nina ghala la korosho Mtwara, uwanja ni mita za mraba 1,200. Mkandarasi mmoja kanipa bei ya mita, mwingine kanipa bei ya jumla, na ukipiga hesabu huyu wa pili ni karibu mara mbili. Nani ananiibia?

Huenda hakuna anayekuibia, mzee wangu. Huenda huyu wa pili ameweka usafiri wa mashine ndani ya bei, na wa kwanza hajauweka. Mashine ya kukwangua ni mtambo mzito wenye pipa lililojaa meno ya chuma kigumu, na haitembei yenyewe barabarani kwa safari ndefu. Inabebwa juu ya trela. Ikitoka Dar es Salaam mpaka Mtwara mjini ni takriban kilomita 560, na baada ya kazi lazima irudi. Safari hiyo inalipwa, iwe uwanja wako ni mkubwa au mdogo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko: tuseme kuleta na kurudisha mashine ni shilingi milioni 6. Kwa uwanja wako, kila mita imebeba shilingi 5,000 kabla jino halijagusa lami. Mwenye mita 300 angebeba 20,000 kwa mita. Mwenye mita 6,000 angebeba 1,000 tu. Ndiyo maana bei aliyopewa jirani yako haikuhusu, hata kama mkandarasi ni yuleyule.

Sasa warudie wote wawili, kila mmoja aandike kwenye karatasi: eneo atakalokwangua, kina kwa sentimita, usafiri wa mashine kwenda na kurudi, nani anabeba kifusi (ile lami iliyokwanguliwa) na anakipeleka wapi, kufagia baada ya kukwangua, na kama VAT ya asilimia 18 imo ndani. Nimeona bei nyingi "za chini" ambazo kifusi hakimo. Mashine inaondoka, mwenye uwanja anabaki na mlima wa lami mbele ya mlango wa ghala.

Kwenye makadirio yangu wameandika tripu nane za tipa. Wanakwangua sentimita tano tu, hizo tripu nane zinatoka wapi?

Hukutaja ukubwa wa eneo, kwa hiyo nitumie zile mita 1,200 za mzee wa hapo juu. Mita 1,200 kwa sentimita 5 ni meta za ujazo 60. Lami nzito iliyoshindiliwa ina uzito wa kama tani 2.3 hadi 2.4 kwa kila meta ya ujazo, kwa hiyo unaondoa karibu tani 140. Tipa ikibeba tani 18, ni tripu nane. Kwa uwanja huo, kila sentimita moja unayoongeza ni tani 28 zaidi. Mkandarasi akikuambia "tushuke kidogo zaidi tuwe salama", muulize kidogo ni sentimita ngapi.

Na hicho kifusi usikitoe bure bila kufikiri. Ni kokoto nzuri ambazo bado zina lami yake. Zikimwagwa kwenye njia ya vumbi, zikasawazishwa na kushindiliwa vizuri, jua letu hili linazilainisha kidogo na zinashikana. Njia ya kuingilia shambani au sehemu ya kuegesha malori inapata sakafu ya maana. Kama mkandarasi anakitaka, basi kipunguzwe kwenye bei, na iandikwe kwenye mkataba kifusi ni cha nani.

Nina kituo cha mafuta Mnazi Mmoja, Lindi. Lami imepasuka vipande vidogovidogo kama ngozi ya mamba, hasa malori yanapogeukia. Nikikwangua na kuweka mpya, nitapumzika miaka mingapi?

Kwa hali unayoeleza, hutapumzika, kaka. Nyufa za namna hiyo zinakuambia kwamba tabaka la chini limechoka. Maji yameingia, udongo umelainika, na kila lori likipita lami inabonyea na kurudi mpaka inakatika. Kukwangua kunaondoa ngozi ya juu tu. Ukiweka lami mpya juu ya msingi ule ule, nyufa zitapanda tena zilezile, na wakati mwingine hata msimu mmoja wa mvua hauishi.

Kabla hujalipa senti, chimbisha mashimo matatu madogo: moja palipoharibika kabisa, moja pembeni yake, moja palipo pazima. Pima unene wa lami kwa rula. Kisha shika kile kilicho chini yake. Kikiwa kokoto kavu iliyokaza kiasi kwamba sururu inaruka, msingi upo. Kikiwa tope linalobaki kwenye vidole, hapo hakuna cha kukwangua. Kipande hicho kinakatwa, kinachimbuliwa chote, kinajazwa kifusi kizuri na kushindiliwa upya. Ni ghali kwa mita, lakini mara nyingi ni robo ya uwanja tu. Sehemu iliyobaki ndiyo ya kukwangua.

Halafu pale kwenye pampu, usirudishe lami. Dizeli inayodondoka kila siku inaiyeyusha. Weka zege.

Kuna ulazima gani wa kukwangua? Si nimwage lami mpya juu ya ile ya zamani?

Inawezekana kama una nafasi ya kupanda juu. Nenda kasimame kwenye kizingiti cha duka lako na mfuniko wa mtaro, uangalie sentimita 5 zitaishia wapi. Nimeona duka la vifaa vya ujenzi ambalo uwanja wake ulipandishwa namna hiyo mara mbili, na sasa mvua ikinyesha maji yanaingia mlangoni, huku mtaro uliojengwa kwa gharama ukiwa mkavu. Geti nalo likakwama, ikabidi likatwe chini. Hizo gharama hazikuwa kwenye makadirio ya "bei nafuu".

Nimeona mtandaoni bei za Marekani, kwa futi ya mraba. Nikizigeuza kwa shilingi naona hapa tunapigwa. Ni kweli?

Kugeuza dola kuwa shilingi hakutoshi, maana mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76. Kuna watu wanalinganisha futi yao na mita yetu, halafu wanaona maajabu. Kina nacho wanakitaja kwa inchi, na inchi ni sentimita 2.54. La pili ni kwamba kule lami iliyokwanguliwa inarudishwa kwa wingi kwenye mitambo na kuchanganywa kwenye lami mpya, kwa hiyo kifusi kina mnunuzi, na mashine mara nyingi ipo mji uleule. Bei ile ni ya mazingira yale.

Hoteli yetu Mikindani ina lami ya zamani, nyembamba, kokoto zinang'oka. Tukwangue?

Hapana. Hiyo, dada, ni lami nyepesi, kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya maji, unene wake sentimita moja au mbili. Mashine ikishuka itakula msingi wenu. Zibeni mashimo, mfagie vizuri, kisha mmwage tabaka jipya.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni mpaka Septemba. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Oktoba minada ya korosho inaanza, na hakuna mwenye ghala atakayefunga uwanja. Uso uliokwanguliwa una mifereji midogo inayohifadhi maji, kwa hiyo usikwangue mpaka uwe na uhakika wa siku lami mpya itakapofika. Lami ya moto inatoka mtamboni ikiwa na nyuzi joto kama 150, na lazima ishindiliwe kabla haijapoa. Uliza mtambo ulipo na saa za safari.

Na mkataba useme nani analipia siku za mashine kusubiri. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi, magari yalikaa njiani siku kadhaa. Jambo kama hilo likitokea, malipo ya kusubiri yanaendelea kuhesabiwa.

Sisi ni kamati ya msikiti Masasi. Eneo letu ni mita 250 tu. Tufanyeje?

Msiite mashine kwa ajili yenu peke yenu. Kuna njia mbili. Ulizeni kwenye ofisi za TANROADS na TARURA, wakala za serikali zinazosimamia barabara, kama kuna mkandarasi atakayefanya matengenezo jirani mwaka huu. Mashine ikiwa tayari imefika Masasi, mnazungumza naye kwa nusu siku ya kazi, na safari imeshalipwa na kazi kubwa. Tafuteni na majirani wawili watatu wenye viwanja vya lami, mgawane kwa mita. Hakikisheni ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na makubaliano yawe yenu naye, si ya mdomo na dereva wa mashine.

Ikishindikana, ng'oeni ile lami kwa sururu na nguvu za vijana, mweke vitofali vya saruji. Saruji inazalishwa hapahapa Mtwara, mafundi mnao, na siku bomba la maji likipasuka chini mtainua vitofali vichache na kuvirudisha mahali pake. Kwa mita 250, mimi ningeanza na hesabu hiyo.