Redio ya CB: pesa yako iende kwenye antena

Mdogo wangu mmoja aliyepata leseni ya CDL (ya kuendesha malori makubwa) juzi huko Texas ameniandikia: "Kaka, ninunue CB gani, ama simu inatosha?"

Haitoshi. CB ni redio ya masafa mafupi ambayo madereva huongea wao kwa wao barabarani. Mimi nimetoka barabara ya Mombasa–Malaba, ambako dereva anayekuja hukupa habari za mbele kwa taa na mkono. Nilipofika Marekani, mkufunzi wangu aliniona nimeshika maiki akaninyang'anya. Eti kwa lafudhi yangu hakuna atakayenielewa. Nilinyamaza, lakini mpaka leo inaniuma.

Basi msimu wa baridi uliopita niko I-80, Wyoming, karibu na Elk Mountain, upepo unalisukuma trela na ramani ya simu inaonyesha barabara haina tatizo. Chaneli 19, ile ya madereva wa malori, ikalia: malori yamegongana mbele, njia zote zimeziba. Nilipunguza mwendo mapema, kisha nikawatangazia walio nyuma, kwa lafudhi ileile. Kwenye kioo nikaona wanawasha hazadi mmoja baada ya mwingine. Walinielewa vizuri sana!

Sasa vifaa. CB ina chaneli 40, na kwa AM sheria inaruhusu wati 4 tu, hata redio iwe na mataa kama disko. Chukua ya kawaida (mimi natumia Cobra 29), pesa inayobaki nunua antena nzuri na waya wake. Leseni ya redio haihitajiki. Ukishawishiwa kununua kikuza nguvu, kataa, ni haramu. FM imeruhusiwa tangu 2021, lakini chaneli 19 madereva wako AM.

Malori mengi yana nyaya tayari juu ya kioo cha mbele: nyekundu chanya, nyeusi hasi. Usibonyeze maiki kabla antena haijafungwa, utaiunguza redio. Halafu pima SWR, yaani kiasi cha nguvu kinachorudi kwenye redio badala ya kutoka kwa antena, kazi ambayo wavivu huiruka. Egesha mahali wazi, funga milango, pima chaneli 1 na 40. Ikizidi kwenye 40, antena ni ndefu, ifupishe. Ikizidi kwenye 1, irefushe. Chini ya 1.5 ni safi. Ikipita 3, usiongee kabisa. Ikizidi kwenye chaneli zote mbili, kagua kitako cha antena: rangi na kutu huzuia isishikane na chuma cha bodi.

Vijana, mnapiga soga WhatsApp kutoka Dallas hadi Denver, na dereva aliye nyuma yenu hamjawahi kumsalimu! Sikilizeni kwanza. Chaneli 9 iachieni dharura. Matusi mtayasikia, hasa usiku kwenye maegesho. Punguza sauti, usijibu. Ukiongea, taja upande unaoelekea, namba ya maili kwenye kibao cha kando ya barabara, kisha tatizo. Polepole.

Na ukibadilisha antena au lori, SWR inapimwa upya. Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo, usiombe cha mwenzako kila mara.