Nitayaandikiaje magari programu, nami natoka mji wa punda?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nina diploma ya umeme. Nataka kuandika programu zinazokaa ndani ya magari. Wenzangu wananicheka, eti kwetu usafiri ni punda na mashua. Hata kuendesha sijui. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mimi sijui kuendesha. Miaka 11 niliyoandika programu za milango ya magari huko Ujerumani nilikwenda kazini kwa treni, na hapa Malindi napanda tuktuk.

Gari la leo limejaa kompyuta ndogondogo: ya breki, ya taa, ya madirisha. Zinasemezana kwa nyaya mbili zilizosokotwa, mtandao uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986. Anachosema mmoja wote wanakisikia. Gari likiegeshwa, zote zinatakiwa zilale.

Sasa sikia. Magari yetu ya majaribio tuliyaacha Ijumaa jioni, Jumatatu hayawaki. Betri ya saa-ampea 60, na kitu kinanyonya kama ampea 1 usiku na mchana; piga hesabu mwenyewe. Tukailaumu betri, tukailaumu redio (redio haikosi kusingiziwa). Wiki ya tatu nikakesha ndani ya gari na mita yangu, baridi inauma, nikisoma ujumbe mmoja mmoja. Kumbe mkosaji ni mimi! Programu yangu, kabla mlango wa kushoto haujalala, ilituma salamu ya kuaga. Mlango wa kulia ukaisikia, ukaamka, nao ukitaka kulala ukaaga. Wa kushoto ukaamka tena. Wenzangu ilibidi niwachoree ubaoni, lakini wewe wa Langoni unajua punda mmoja akilia saa nane usiku, wa pili akamjibu, nani atapata usingizi? Dawa yake ilikuwa mistari minne.

Basi jifunze C, lugha ya kuandikia programu, na uijue hasa. Humo ndani kumbukumbu ni finyu, na kanuni za MISRA za mwaka 1998, za kuandika C ya magari, zilikataza kabisa programu kuomba kumbukumbu zaidi ikiwa imeshaanza kufanya kazi. Leseni ya udereva iache kwanza.

Kisha nunua bodi mbili ndogo za kielektroniki zenye CAN, uziunganishe kwa nyaya mbili ulizozisokota mwenyewe, na kila mwisho utie rezista ya omu 120. Zima umeme, pima kati ya nyaya hizo. Mita ikisoma 120, rezista moja haijashika. Inatakiwa isome 60.

Na gari usilitafute mbali. Boti zenye vifaa vya NMEA 2000, mtandao wa vyombo vya baharini, zinasemezana kwa CAN hiyohiyo. Injini za kabureta, zisizo na kompyuta, hazitakufaa, lakini ulizia gatini nani ana boti mpya, na umwombe kwa adabu akuruhusu usikilize tu, usitume kitu. Mwenye boti akikuona umeshika waya na hujamwambia, mimi simo.