Kwa dada anayeolewa na Muislamu Desemba: kiwanja kina jina la nani?

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako mara mbili na usingizi umekata. Umeuliza mambo manne: kama ni lazima usilimu ndipo ufungishwe ndoa, watoto watakuwa dini gani, Krismasi utafanyaje, na Ramadhani ukiwa kwa wakwe Pangani uvae nini. Watu wamekujibu kurasa mbili nzima habari za ushungi. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza hicho kiwanja unachosema mmeanza kumwaga msingi kimeandikwa jina la nani.

Kusilimu tulimalize haraka. Si lazima. Sura ya Al-Maida, aya ya 5, imewahalalishia Waislamu chakula cha waliopewa Kitabu na kuoa wanawake wao waliojihifadhi, na wewe Mkatoliki umo humo. Anayekuambia ndoa haifungwi mpaka utamke shahada, mwambie akusomee aya hiyo kwanza. Ukisilimu, iwe umeamini. Watoto watahesabiwa Waislamu kwa baba yao, hilo kubali mapema au usiolewe. Na kwa upande wa kanisa lako, nenda kwa paroko akuombee ruhusa ya askofu ya kuolewa na asiyebatizwa, usije ukajikuta hupokei Komunyo.

Sasa nisikilize.

Mimi ni Mlutheri wa Lushoto, mwalimu wa shule ya msingi. Niliolewa na Muislamu Tanga mwaka 2009, nikabaki na dini yangu, na miaka kumi ile sina la kulalamikia. Nilikuwa nikimpikia futari, naye Jumapili akiniamsha nisichelewe ibada. Siku ya ndoa, mbele ya mashahidi, nilimuuliza mzee aliyetufungisha: nikibaki Mkristo, haki zangu zitakuwaje? Akanijibu, "Mke ni mke, binti yangu. Haki zote za mke unazo." Nikaridhika.

Na kweli nilikuwa nazo. Matunzo, makazi, heshima, vyote nilipata mume akiwa hai. Mzee hakusema uongo. Aliacha tu kuniambia kwamba haki moja ingekufa siku ileile atakayokufa mume wangu.

Iko hadithi ya Mtume, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: Muislamu hamrithi asiyekuwa Muislamu, wala asiyekuwa Muislamu hamrithi Muislamu. Fungu la mke limetajwa wazi katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 12, robo kama marehemu hana mtoto, thumuni, yaani moja ya nane, kama anaye. Ila fungu hilo ni la mke Muislamu. Dini yao imekuruhusu uolewe, na dini hiyohiyo imekuweka nje ya mirathi. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja, na watu wanaokushangilia humu wamekuambia kimoja tu.

Mume wangu alifariki 2019, Mungu amrehemu. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Mama mkwe alitaka nikae, na mimi mwenyewe nilitaka, nilikuwa nampenda. Nikiwa ndani ya eda hiyo ukoo ukakaa kikao kuchagua msimamizi wa mirathi. Muhtasari uliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari, na niliushika mkononi. Chini ya "Waliohudhuria" jina langu lilikuwa la tatu. Chini ya "Warithi" halikuwepo. Nikadhani mwandishi kasahau. Nikamrudishia shemeji nikamwambia, "Mmeniruka hapa." Akasema bila kunitazama, "Hatujakuruka, shemeji. Ndiyo sheria ilivyo."

Chukua kalamu na wewe upige hesabu hii. Marehemu aliacha mama yake, mabinti wetu wawili na kaka zake wawili, baba yao alikwishatangulia. Gawa mali mafungu 24. Mabinti wana theluthi mbili, mafungu 16. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita, mafungu 4. Mke thumuni, mafungu 3. Linabaki fungu 1, hilo ni la asaba, yaani kaka. Sasa mtoe mke. Yale mafungu 3 hayaendi kwa mabinti wangu, wao wana theluthi zao mbili basi. Yanaanguka kwa kaka. Kutoka 1 wakawa na 4. Hesabu hiyo nimeipiga usiku mwingi, na kila mara inatoka vilevile.

Nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Bara huku mahakama hutazama marehemu aliishi vipi ndipo iseme mali yake inafuata sheria gani. Wangu alikuwa mtu wa msikitini, ndoa ya Kiislamu, kazikwa Kiislamu. Ikafuata Uislamu. Nyumba nilikuwa nimeiezeka kwa mkopo wangu wa SACCOS niliokatwa kwenye mshahara miaka mitatu, lakini hati ilikuwa jina lake, na risiti za bati na saruji jina lake pia, kwa sababu dukani walimzoea yeye. Ningeonyesha nini? Nyumba iliuzwa ili kila mtu apate chake. Mimi nilipata milioni moja, nayo ni ile nusu ya mahari yangu ambayo haikuwa imelipwa. Cheti cha ndoa kiliniokoa, maana mahari ambayo haijalipwa ni deni, na deni hutolewa kabla ya mirathi.

Yupo aliyenishauri nisilimu haraka kabla mali haijagawanywa. Nikaambiwa hali ya mrithi hutazamwa saa ya kifo, nimechelewa. Na hata nisingechelewa, ningemkabili vipi Mungu kwa shahada ya kutafutia bati?

Hasira zangu hazijaishia kwa shemeji. Zimebaki kwa yule mzee. Alikuwa akifundisha somo la mirathi baada ya swala ya Alasiri, mafungu yote anayajua kwa kichwa. Nilipomfuata alisema, "Hukuniuliza mirathi, uliniuliza haki." Mtu mzima, mwenye elimu, anamwona binti wa miaka ishirini na sita anaingia shimoni, halafu anangoja aulizwe kwa neno lenyewe! Angeniambia dakika tano tu ningefanya yote, kwa sababu dawa ipo, na imo humohumo katika Uislamu.

Dawa ni hii. Muislamu ana ruhusa ya kuusia mpaka theluthi ya mali yake. Sa'd bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, alipougua alitaka kutoa zaidi, Mtume akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi. Kanuni inasema hakuna wasia kwa mrithi. Sasa wewe si mrithi, kwa hiyo wasia kwako unapita. Mke Muislamu mwenye watoto ana thumuni. Wewe mumeo akikuandikia unaweza kupata hadi theluthi, na kaka zake hawana la kupinga. Pili ni hiba: akupe angali hai, mzima, na akukabidhi kweli. Kwa kiwanja, kukabidhi ni jina kubadilishwa kwenye hati, maneno ya sebuleni hayatoshi. Tatu, kiwanja mnachonunua kwa pesa zenu wawili kiandikwe majina mawili tangu siku ya kwanza. Na risiti, mdogo wangu, kila mfuko wa saruji unaolipia wewe uandikwe jina lako.

Usiogope kwamba atadhani unamwombea kifo. Mwambie wasia ni jambo Mtume aliwahimiza Waislamu wasilalie bila kuuandika. Mtu anayekupenda na anayeijua dini yake hatakasirika. Wangu angeandika palepale, nina hakika kama ninavyoandika hapa. Hakuna aliyetuambia. Wewe pia andika wako, maana hadithi ile imekata pande zote mbili, ukitangulia wewe, kwa dini yake naye hakurithi.

Umesema Ijumaa mnakwenda Pangani kupanga siku. Kabla ya Ijumaa mwombe akuonyeshe hati, uisome kwa macho yako, si picha ya WhatsApp. Kisha rudi hapa uniambie ina jina la nani.