Siri ya mgonjwa huvujia mapokezi

Mliuliza wiki hii: rekodi za wagonjwa nchini Kenya zikihamia kwenye mfumo mmoja wa kidijitali, siri zao zitalindwa vipi?

Sheria ipo, tena si mbovu. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ilikuja sambamba na sheria ya bima mpya ya afya, inayosimamiwa na mamlaka ya SHA. Wengi wanaogopa wadukuzi wa seva. Mimi ningeanzia mapokezi. Pale paswodi inapoandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya kibodi, zamu nzima huingia kwa jina moja. Faili la mwalimu wa kijiji likichunguliwa saa nane usiku, mfumo utamtaja karani aliyeingia asubuhi na kwenda zake nyumbani. Nani atawajibishwa hapo? Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, ifungwe siku anayohama, na skrini ijifunge ikikaa dakika 3 bila kuguswa. Karani anahitaji jina, namba na saa ya miadi. Majibu ya maabara hayamhusu.

Madai ya bima nayo yaangaliwe sana. Fomu ya madai hubeba msimbo wa ugonjwa: B20 kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni ugonjwa utokanao na VVU, na anayeijua orodha hana haja ya kusoma zaidi. Mtandao ukipotea, kuna wanaopiga picha fomu na kuituma kwa WhatsApp. Picha hiyo inabaki kwenye simu ya mtu binafsi, hata akiacha kazi. Heri fomu ikae kwenye droo yenye kufuli mpaka mtandao urudi.

Ujumbe wa kukumbusha useme tu "Una miadi Jumanne saa 3 asubuhi", bila kutaja kliniki, maana simu moja huweza kutumiwa na nyumba nzima.

Kwenye takwimu, kufuta jina hakutoshi. Ukibakiza tarehe ya kuzaliwa, kijiji na siku ya kliniki, jirani atamtambua mtu mara moja. Umri uwekwe kwa makundi ya miaka 5, mahali paishie kaunti ndogo, na idadi iliyo chini ya watu 5 isichapishwe.

Siri ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, hospitali ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna wa Data. Ikinyamaza, mgonjwa mwenyewe anaweza kulalamika kwa Kamishna, na sheria inataka lalamiko lake lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.