Jibu: Njia ya kimbunga na nguvu yake

Ndugu wa Ujiji, umeuliza kwa nini wataalamu hupatia njia ya kimbunga lakini nguvu yake huwaponyoka. Kimbunga husukumwa na pepo kubwa za angani kama gogo mtoni, na pepo hizo kompyuta huzikadiria vizuri siku kadhaa mbele. Nguvu ndiyo kazi! Inategemea joto la bahari, upepo wa juu unavyopishana na wa chini, na mambo yanayobadilika haraka karibu na jicho lenyewe, yaani kitovu cha kimbunga. Oktoba 2023, kimbunga Otis kilipanda ndani ya siku moja hadi daraja la 5, la juu kabisa, kikaipiga Acapulco, Meksiko. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kiliishiwa nguvu kilipofika Mafia. Huku Kigoma hatufikiwi kirahisi, ila shemeji yako aliyeko Mtwara afuate kila taarifa mpya ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), asitegemee ya jana.